HATI ILIYOFUNGWA NA HATI ILIYO WAZI

Somo: Yeremia 32:6-15



Jioni moja mwaka jana alipiga hodi nyumbani kwangu mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha hesabu alipokuwa darasa la sita na la saba, na tangu mwaka 1999 anakaa Marekani, katika mji wa Houston. Alikuwa amekuja kumzika mama yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba. Karibu ndani."

Alikaa, akaletewa chai, wala hakuinywa. Baadaye akasema, "Mwalimu, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima." Ndipo akanisimulia habari hii, nami nawaletea kwa ruhusa yake, maana alisema, "Kama aibu yangu yaweza kumfaa mtu, isimulie."

Siku hiyo ukoo ulikaa kikao cha kumaliza matanga. Likatokea neno la nyumba aliyokuwa akikaa marehemu. Nyumba hiyo anakaa mdogo wake wa kike pamoja na watoto wake, naye ndiye aliyemwuguza mama mpaka mwisho. Yule kaka akasema mbele ya wote, "Kiwanja hiki nilikinunua mimi, mwaka 2008, kwa fedha zangu mwenyewe." Mdogo wake akamtazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Kaka, na ng'ombe wangu je?" Kaka hakukumbuka habari ya ng'ombe. Mjomba aliyepokea fedha na kumlipa mwenye kiwanja alikwisha kufariki, na hati ya mauzo ilitaja jina la mama tu, bila kueleza nani alitoa nini. Maneno yakaanza kuwa makali. Basi yule kaka akasema, "Msigombane. Mimi naandika kila senti tangu mwaka 2001. Hesabu zangu zipo." Baba mkubwa akamjibu, "Vema, mwanangu. Zilete."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Hesabu zilikuwamo ndani ya kompyuta kuukuu, katika chumba kimoja cha nyumba yake kule Houston, nazo zilikuwa zimefungwa kwa neno la siri. Akampigia simu mkewe. Mkewe akaiwasha kompyuta, akauliza neno la siri. Mume hakuweza kulitaja! Alikuwa ameliandika kwa vidole miaka mingi hata vidole vikawa vinalijua kuliko kichwa. Mama yule akajaribu kulipeleka faili kwenye kompyuta yake mwenyewe iliyo mpya, lakini kompyuta ile mpya haikuwa na programu ya kulisoma. Kikao kikangoja saa nzima. Mwisho baba mkubwa akasema, "Mwanangu, hesabu isiyosomeka kwetu ni sawa na hesabu isiyoandikwa." Wakaondoka, na ndugu wawili wale hawakuagana.

Ndipo aliponiuliza swali lake. "Mwalimu, wanangu hunicheka kila siku. Husema, 'Baba amegandamana na programu ya mwaka 2004, wenzake wote wamekwisha kwenda mbele.' Je, kosa langu ni hilo la kushikilia cha kale?"

Nilimwambia nipe muda, maana mwalimu asijibu upesi swali ambalo hajalipima. Jibu nililompa baadaye ndilo neno langu kwenu leo.

YAFAA TWELEWE JAMBO LENYEWE

Wengi kati yetu twaandika mapato na matumizi ya nyumba katika daftari, na wengine hatuandiki kabisa. Katika nchi kama Marekani watu wengi wamezoea kufanya kazi hiyo kwa kompyuta. Ziko programu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo tu. Unaandika tarehe, jina la uliyemlipa au aliyekulipa, kiasi cha fedha, na maelezo mafupi. Nayo inajumlisha, inatoa, na kukuonyesha kilichobaki.

Mbili kati ya hizo zilijulikana sana. Ya kwanza ni Quicken, iliyotolewa na kampuni ya Intuit, ambayo ilianzishwa huko California mwaka 1983 na Scott Cook na Tom Proulx. Ya pili ni Microsoft Money, iliyotokea mwaka 1991. Zilishindana sana, hata Microsoft ikataka kuinunua Intuit yenyewe. Lakini serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuuzuia ununuzi huo, na mwaka 1995 Microsoft ikaacha. Miaka ikapita. Mwaka 2009 Microsoft ilitangaza kwamba haitauza tena programu yake ya Money. Mwaka 2010 ikatoa toleo la mwisho, bila malipo, kwa ajili ya wale waliokuwa nayo, ili waendelee kuandika hesabu zao. Bali zile huduma za kuletewa habari za benki kwa njia ya intaneti zilikoma. Wako watu waliobaki nayo tangu wakati huo, nao wanaitumia mpaka leo.

Upande wa Quicken, jambo lilikuwa la namna nyingine. Zamani mtu alinunua toleo moja, likawa lake. Kampuni ilikuwa ikikata huduma za intaneti kwa matoleo ya zamani baada ya miaka kama mitatu, lakini mwenyewe aliweza kuendelea kuandika kwa mkono wake. Mwaka 2016 Intuit iliuza Quicken kwa wengine, na kuanzia toleo la 2018 watu wakatakiwa kulipa ada kila mwaka, mfano wa mpangaji anayelipa kodi ya nyumba. Basi wakatokea wengi waliosema, "Sisi tutabaki na toleo letu la zamani tulilolinunua. Latutosha."

Mwanafunzi wangu ni mmoja wa watu wa jinsi hiyo. Alinunua Microsoft Money toleo la 2004, akahamishia humo hesabu zake za tangu 2001, wala hakubadili tena. Je, amekosa?

KUBAKI NA CHA KALE SI DHAMBI

Nasema wazi kwamba kubaki na chombo cha kale peke yake si kosa. Mkumbukeni Daudi alipokwenda kupigana na Mfilisti. Mfalme Sauli alimvika silaha zake, kofia ya shaba na vazi la vita, vitu vya fahari. Daudi alijaribu kwenda navyo, akavivua, kwa sababu hakuwa amevizoea. Akachukua fimbo na teo aliyoijua tangu alipokuwa mchungaji (1 Samweli 17:38-40). Hakuna aliyemwambia kwamba yu mshamba. Chombo anachokijua mtu, chenye kuitenda kazi iliyopo, ni chombo chema.

Tena hesabu yenyewe ni jambo la kale sana. Mwaka 1494, huko Venice, mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli, alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanya biashara wa mji ule walivyoandika vitabu vyao, kila fedha ikiandikwa mara mbili, inakotoka na inakokwenda. Aliwashauri waanze vitabu vyao kwa jina la Mungu. Zaidi ya miaka 500 imepita, nazo kompyuta zimekuja, lakini kanuni ni ile ile. Jumla ya mwaka 2004 haipungui ukweli kwa sababu imejumlishwa na programu ya mwaka 2004. Mbili na mbili hazina toleo jipya.

Na zaidi ya hayo, liko jambo la kuridhika. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali aliyo nayo. Neno hilo ni gumu kwetu siku hizi. Kila mwaka twaambiwa kwamba tulicho nacho hakifai tena: simu ya mwaka jana, nguo ya Pasaka iliyopita, hata vyombo vya jikoni. Mtu awezaye kusema, "Hiki chanitosha, na fedha ya kununua kingine nitampelekea mama yangu," huyo ameshinda vita kubwa. Nami najua kwamba yule mwanafunzi alifanya hivyo hasa, maana karo za watoto wa marehemu kaka yake zililipwa kutoka Houston muda wa miaka saba.

Kwa hiyo nilimwambia, "Watoto wako wasikutie haya. Kosa lako haliko hapo."

LAKINI YAPO MAMBO MATATU YA KUJIPIMA

Hata hivyo, wapenzi, si kila anayeshika cha kale hushika kwa kuridhika. Bwana wetu, alipokuwa akifundisha habari za divai na viriba, alisema pia juu ya mtu anywaye divai ya kale, kwamba hana hamu ya ile mpya, kwa kuwa ameridhika na ile anayoijua (Luka 5:39). Alitujua vema. Basi mtu na ajipime kwa mambo matatu.

La kwanza ni nia. Ulize moyo wako, je, nabaki na hiki kwa sababu chatosha, au kwa sababu naogopa kujifunza? Au kwa sababu ya kiburi tu, nipate kusema kwamba mimi si kama wengine? Nilifundisha miaka 35, nami nakiri kwamba ulipokuja mtaala mpya wa hesabu nilishika ule wa zamani mpaka mkaguzi aliponikemea. Nilidai kwamba nautetea ubora. Kweli ilikuwa kwamba sikutaka kuonekana mbele ya walimu vijana nikiwa sijui. Kuridhika kuna amani, bali woga una hasira. Ukiona wakasirika mtu anapokuonyesha kitu kipya, jichunguze.

La pili ni ulinzi. Chombo cha kale chaweza kuwa kimeachwa bila mlinzi. Kompyuta ya mwanafunzi wangu huendeshwa na Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuitengenezea kinga tarehe 8 Aprili 2014. Tangu siku hiyo, kwa kawaida tundu linaloonekana ndani yake haliwi tena na fundi wa kuliziba, na wezi wa kwenye intaneti wanalijua jambo hilo. Kwa busara alikata kamba, asiiunganishe kompyuta ile na intaneti kamwe. Hutumika kwa hesabu tu, kama sanduku lililo chumbani. Hapo alitenda vema. Mtu asiseme, "Namtumaini Mungu," huku ameacha mlango wazi usiku. Mwenye kutunza fedha ya nyumba, au ya wengine, alinde pia.

La tatu ndilo kubwa, nalo ndilo lililomwangusha: Je, mwingine aweza kusoma ulichoandika?

YEREMIA NA CHUNGU CHA UDONGO

Hapa natujie somo letu. Ilikuwa mwaka wa kumi wa Sedekia mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu, na Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi. Wakati wa namna hiyo, nani anunuaye shamba? Lakini akaja Hanameli, mwana wa ami yake, akamwomba anunue shamba lililoko Anathothi, maana haki ya kulikomboa ilikuwa yake. Yeremia akajua kwamba ni neno la Bwana. Akalinunua.

Sasa tazameni jinsi nabii alivyofanya, maana Maandiko yaeleza kama karani. Bei yatajwa: shekeli 17 za fedha. Fedha ilipimwa katika mizani. Hati ikaandikwa, ikatiwa sahihi na muhuri. Mashahidi waliitwa, nao wakatia sahihi. Na hati ilikuwa ya namna mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri, na ya pili iliyo wazi. Yeremia akampa Baruku zote mbili mbele ya watu, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Kwa nini mbili? Ile iliyofungwa ni ya kuzuia udanganyifu, mtu asiongeze wala kupunguza neno. Ile iliyo wazi ni ya kusomwa. Ikitokea mashaka juu ya ile iliyo wazi, muhuri wa nyingine utavunjwa, zilinganishwe. Hati iliyo wazi peke yake yaweza kuharibiwa na mtu mbaya. Hati iliyofungwa peke yake haimsaidii yeyote mpaka imefunguliwa. Zikiwa pamoja, ni ushuhuda.

Angalieni tena chombo chenyewe. Kilikuwa chungu cha udongo, kitu cha kale na cha bei rahisi hata siku zile. Yeremia hakutafuta sanduku la kifalme. Chungu kilitosha, kwa sababu kazi ilikuwa kuihifadhi hati mpaka siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo. Maana mji ulikuwa karibu kuanguka, na watu kuchukuliwa mateka. Aliandika kwa ajili ya watu watakaorudi. Bwana alikuwa ameahidi kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile. Hati ile ilikuwa tendo la imani, nayo imani yake ilikuwa na karani, na mashahidi, na nakala mbili.

Mwanafunzi wangu alikuwa na hati iliyofungwa tu. Chungu chake kilikuwa kizuri, kuukuu na imara, lakini ndani yake hakikuwamo nakala iliyo wazi. Laiti angalifariki yeye kabla ya mama yake, mkewe angebaki na kompyuta asiyoweza kuifungua, na ndugu zake wangebaki na ugomvi usio na shahidi.

Wala dawa yake si kununua programu mpya. Programu mpya nayo yaweza kuwa hati iliyofungwa, tena imefungwa na mwenye nyumba wa mbali anayedai ada. Dawa ni nyepesi zaidi. Programu hizi za zamani, Money na Quicken, zote zaweza kutoa hesabu katika faili la maandishi ya kawaida, la mtindo uitwao QIF. Ukilifungua faili hilo waona mistari mifupi: mstari wenye herufi D mbele yake ni tarehe, wenye T ni kiasi, wenye P ni jina la aliyelipwa au aliyelipa, na alama ndogo kama paa la nyumba huonyesha kwamba habari hiyo imekwisha. Kompyuta yoyote huweza kuyasoma maandishi hayo. Iko pia programu ya bure iitwayo GnuCash, iliyo wazi kwa wote tangu miaka ya 1990, nayo huweza kulipokea faili kama hilo. Na iliyo rahisi kuliko zote ni karatasi. Mara moja kwa mwaka, chapa kurasa za hesabu, zitie sahihi, ziweke katika bahasha, mwonyeshe mkeo au mumeo mahali zilipo. Na neno la siri liandike, ulifunge katika bahasha nyingine, uiweke mahali pa salama panapojulikana. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kukaa na toleo la 2004 mpaka uzee wake, asimkoseshe mtu.

NA SISI TUSIO NA KOMPYUTA

Huenda mama mmoja anasoma hapa na kusema moyoni, "Habari hizi ni za watu wa Marekani." La, mama. Hebu tujitazame.

Je, fedha yako iko katika simu? Jumbe zote za kutuma na kupokea zimo humo, nawe ndiwe pekee uijuaye namba ya siri. Simu ikianguka kisimani, nani atajua kwamba ulimkopesha jirani? Je, wewe ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa? Daftari la kikundi liko kwako, na maandishi yako yasomwa na wewe tu kwa sababu una alama zako mwenyewe. Hiyo ni hati iliyofungwa. Je, wewe baba una kiwanja, na hati iko kwa rafiki, na mkeo hamjui rafiki huyo? Watoto wako watakuja kuuliza, "Na ng'ombe wangu je?" na hapatakuwa na mtu wa kuwajibu.

Na sisi wazee wa kanisa tujipime pia. Mtume Paulo alipokusanya matoleo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaka kuibeba fedha ile peke yake. Aliwaeleza Wakorintho kwamba alikuwa akijihadhari asilaumiwe na mtu kwa habari ya karama ile, naye alitaka kutenda yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu vilevile (2 Wakorintho 8:20-21). Wako watunza hazina waaminifu sana ambao hukasirika wakiombwa daftari, wakidhani wanashukiwa. Ndugu yangu, daftari lililo wazi ni ngao yako wewe mwenyewe. Mungu anajua uaminifu wako, lakini waumini hawajui mpaka wameona.

Wale wanaoshika Kitabu cha Sala cha zamani hukumbuka kwamba Jumapili ya Tisa baada ya Utatu husomwa Injili ya wakili dhalimu. Tajiri alimwita, akamtaka atoe hesabu ya uwakili wake. Kila mmoja wetu ataitwa hivyo. Hatutaulizwa tulitumia kalamu gani, wala toleo la mwaka gani. Tutaulizwa hesabu.

MWISHO WA HABARI

Yule kaka alirudi Houston. Aliniambia kwamba usiku ule ule alioufika, kabla hajalala, aliketi mbele ya kompyuta yake kuukuu, akafumba macho, vidole vikaandika neno la siri bila kukosea. Akaitafuta akaunti aliyoiita "Nyumba ya Mama", akarudi nyuma mpaka mwaka 2008. Alitaka kumwonyesha mdogo wake kwamba ni yeye aliyenunua.

Akaikuta habari yenyewe, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe siku ile ile fedha ilipotumwa. Bei ya kiwanja ilikuwa Sh. 3,300,000/=. Yeye alipeleka dola 2,000, zilizokuwa Sh. 2,400,000/=. Na mahali pa maelezo mafupi alikuwa ameandika: "Zilizobaki 900,000/= ametoa mdogo wangu. Ameuza ng'ombe watatu. Nisisahau."

Naye alikuwa amesahau.

Wapenzi, programu ile ya zamani haikumpendelea bwana wake. Miaka yote hiyo iliutunza ukweli ambao yeye aliupoteza, na ilipofunguliwa ikamhukumu. Hiyo ndiyo sababu twaandika. Hatuandiki ili tuwashinde ndugu zetu katika kikao. Twaandika kwa sababu moyo wa mtu hukumbuka alichotoa, na husahau alichopewa.

Angaliweza kukaa kimya. Hakuna mwingine aliyejua neno la siri. Lakini alichapa ukurasa ule, akautia sahihi, akautuma kwa baba mkubwa ausome mbele ya ukoo, na nakala nyingine akamtumia mdogo wake. Kisha akampigia simu. Aliniambia kwamba kwanza walilia wote wawili, halafu mdogo wake akamwuliza, "Kaka, umekula?" Nyumba ile sasa yaandikwa kwa majina yao wawili, na mdogo wake anaendelea kukaa humo na wanawe.

Kompyuta kuukuu iko pale pale, na programu ni ile ile ya 2004. Watoto wake bado wanamcheka. Lakini kila Desemba huchapa kurasa za mwaka mzima, mkewe naye hutia sahihi yake chini, na bahasha huwekwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Nawasihi, kabla mwaka huu haujaisha, kila mmoja wetu atazame chungu chake. Kama ni cha kale na chakutosha, mshukuru Mungu, ukae nacho. Ila utie ndani yake hati iliyo wazi.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetukabidhi vitu vyako tuvitunze kwa muda mfupi, utupe kuridhika na vile vinavyotosha, na unyenyekevu wa kujifunza tusivyovijua. Utukumbushe mema tuliyotendewa na wenzetu, ambayo tumeyasahau. Ufanye hesabu zetu ziwe kweli, na vitabu vyetu viwe wazi mbele zako na mbele za ndugu zetu, hata siku ile utakapotuita tutoe hesabu ya uwakili wetu, tusimame bila hofu kwa ajili ya rehema zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.